Msichana Ndani ya Ngoma

Msichana ndani ya ngoma ni ngano ya Waswahili wa pwani ya Afrika Mashariki. Binti anayeokota kauri ufukweni huisahau juu ya mwamba. Wenzake hukataa kumsindikiza, naye huirudia peke yake akiimba kujipa moyo. Zimwi humnasa, humfungia ndani ya ngoma na kumtembeza vijijini. Likipiga, mtoto huimba, nalo hupewa wali na kuku. Ukatili hasa ni huo: kipaji cha mtoto ndicho kinachomlisha mtekaji. Lakini wakifika kijijini kwao, wazazi huitambua sauti. Zimwi hunyweshwa pombe hadi likalala, mtoto akatolewa, nyuki na siafu wakatiwa mahali pake. Alice Werner aliisimulia kwa Kiingereza katika Myths and Legends of the Bantu (1933).