Kilima kisicho na miti



Mwenzetu mmoja, mtoto wa wafugaji wa milima ya juu ya Uvira, alinieleza namna baba yake anavyojua jani gani linaongeza maziwa na bonde gani la kuepuka, na namna wachungaji wanavyopashana habari hizo wakikutana penye maji. Mwishoni akanichokoza: "Na ninyi wa Likasi? Hamuna ng'ombe, munajua nini juu ya majani?" Nilicheka, lakini swali lile lilibakia ndani ya roho.

Ni kweli, ng'ombe si kazi yetu. Katika sehemu nyingi za Katanga mbung'o walikatalia mifugo tangu zamani. Lakini majani wazee wetu waliyasoma sana, na kilichokuwa chini ya majani njo shaba.

Bibi yangu, Musanga, alikuwa na shamba upande wa Kambove. Nikiwa mtoto nilimuuliza mbona halimi kile kilima cheupe, kisicho na mti hata moja, maana pale hakuna visiki vya kung'oa. Akanijibu: "Pahali miti inakatala, mihogo nayo itakatala." Nikadhani ni mambo ya mizimu. Miaka mingi nyuma, nikiwa universite Lubumbashi, ndipo nilielewa. Udongo wenye shaba nyingi ni sumu kwa miti. Ndani ya pori la miombo kilima cha namna hiyo kinaonekana kama kichwa chenye upara: nyasi, na maua madogo yaliyozoea ile sumu. Kuna aina zaidi ya 30 za mimea ambazo hazipatikani pahali pengine duniani isipokuwa kwenye vilima hivi vya Katanga. Moja, ambalo wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense, linapenda sana udongo wa shaba uliokwisha kuchimbuliwa. Linaota hata pale wazee walipoyeyushia mawe miaka mia nyingi iliyopita, na watafuta historia wamelitumia kuvumbua matanuru ya kale. Ua linakumbuka kuliko sisi!

Sasa, hayo maarifa yalipitia wapi? Hapa ndipo tunatofautiana na wafugaji. Mchungaji akificha habari ya nyasi, kesho naye atafichwa. Fundi wa shaba alikuwa na sababu ya kufunga mdomo. Wale tunaowaita walaji wa shaba walikuwa na kazi yao ya kiangazi: mtama ukiisha kuvunwa, mnamo Mei, kijiji kinahamia karibu na machimbo mpaka mvua inakaribia. Sehemu moja ya kazi ilikuwa ya wote. Wanawake na watoto waliokota mawe ya kijani na kuyachagua, na mtoto alijifunza kwa macho na mikono, bila darasa. Sehemu ya pili ilikuwa ya wachache: udongo wa kichuguu unajengwaje kuwa tanuru, makala ya mti gani yanashika moto, dawa gani inatangulia, mivukuto ya ngozi isukumwe mpaka lini. Hiyo fundi alimpa mtoto wake au yule aliyekubaliwa.

Lakini siri haikuzuia watu kujifunza kutoka kwa wageni. Bayeke wa Msiri walipotoka upande wa Unyamwezi katika karne ya 19, walikuta Basanga wanayeyusha tayari. Wao walijulikana kwa ufundi wa kuvuta shaba iwe waya mwembamba wa vikuku. Na misalaba ya shaba ilikwisha kusafiri mbali zamani: huko Sanga, karibu na ziwa Kisale, ilikutwa makaburini, mingine juu ya vifua vya wafu.

Katika masomo ya msingi nilifundishwa kwamba shaba yetu "ilivumbuliwa" na Jules Cornet. Nilipata pointi zote kwa jibu hilo, na leo linaniuma. Cornet alipopita huku 1892 alikuta mashimo ya wenyeji. George Grey, aliyekuja tangu 1899 kwa ajili ya Tanganyika Concessions, naye alifuata mashimo ya zamani, Kambove ikiwamo. Sisemi kwamba hawakufanya kazi. Cornet alikuwa mwanajiolojia wa kweli. Lakini kuna mtu aliyeonyesha njia, na jina lake sikulikuta katika kitabu chochote. Union Minière ikazaliwa 1906, Likasi ikaitwa Jadotville mpaka 1966, na ile misalaba wakati wa sesesyoni ya 1960 mpaka 1963 ikawekwa kwenye bendera. Msalaba ulipewa heshima, fundi hapana.

Mwaka jana nilirudi kwa kile kilima cha bibi. Nusu yake ni shimo, nusu ingine ni rundo la udongo. Juu ya rundo kulikuwa majani madogo yenye maua ya zambarau. Nilipiga picha, nikawaonyesha vijana wanaochimba kwa mikono pale karibu. Mmoja akasema mara moja: "Hii tunaifuata." Nilimuuliza inaitwaje. Hakujua jina, alionyeshwa tu na mukubwa wake.

Bibi alijua jina, na mimi sikumuuliza. Ninyi wenye wazee Kambove, Mulungwishi, Kakanda, waulizeni kwa Kisanga jua hilo linaitwaje, na muniandikie hapa chini. Picha naiweka.