Kicheko Kisichoonekana: Twelfth Night Redioni, 1923

Tarehe 28 Mei 1923, kituo cha 2LO cha London kilitangaza Twelfth Night ya Shakespeare, ikiwa imerekebishwa kwa ajili ya redio na mwigizaji Cathleen Nesbitt. BBC ilikuwa haijatimiza hata mwaka mmoja hewani. Wanahistoria wa utangazaji huitaja tarehe hiyo, kisha huipita haraka.

Ucheshi wa tamthilia hii hutegemea sana jicho. Malvolio anapomjia Olivia akiwa na soksi ndefu za manjano, hadhira ya jukwaani hucheka kabla hajafungua kinywa. Redioni soksi hizo hazipo mpaka zitajwe, hivyo kicheko hulazimika kusubiri mshangao wa Olivia. Kwa Viola, aliyejigeuza mwanamume kwa jina la Cesario, vazi linalowahadaa wahusika wenzake halimfikii msikilizaji kabisa. Yeye husikia sauti ya mwanamke tu. Lakini hapo Kiingereza humfaa mwandishi wa redio: kila Cesario anapotajwa kwa kiwakilishi cha kiume, kosa la msemaji husikika papo hapo, na mzaha hujirudia bila gharama.

Kiswahili hakina nyenzo hiyo. Kiambishi a- hakibainishi jinsia; anayesema “amekuja” hajakosea lolote. Mfasiri wa kuitangaza tamthilia hiyohiyo kwa Kiswahili angelazimika kulipachika kosa katika nomino, kwa “bwana” au “kaka”, na kuamua ni mara ngapi msikilizaji atalivumilia.