Neno "Meza"

Twaweza kudhani kwamba meza ya kulia yaitwa hivyo kwa sababu hapo ndipo tumezapo chakula. Dhana hiyo yapendeza, walakini si kweli. Kumeza ni neno la Kibantu; hata Wachewa wa Malawi husema kumeza kwa maana ile ile. Bali meza ya mbao tuliipata kwa Wareno, waliofika pwani yetu pamoja na Vasco da Gama mwaka 1498. Wao husema mesa, nao walilirithi neno hilo katika Kilatini, mensa.

Waturuki nao wana meze, yaani vitafunio viandaliwavyo mezani. Lakini neno lao latoka Kiajemi, na maana yake ya asili ni ladha.

Mwaka 1698 Waarabu wa Oman waliiteka Ngome ya Mombasa, na nguvu za Wareno zikavunjika. Meza, leso na mvinyo vikabaki.