Nyama choma ya barabara ya Rusumo

Mwaka jana tulisafiri na gari la baba kutoka Kahama kwenda Ngara, kwa mama, na tulikuwa na sharti moja: panapofuka moshi wa nyama, tunasimama. Nyakanazi, kwenye njia panda ya Kibondo, tulipata mbuzi mgumu mwenye chumvi nyingi. Sina zaidi la kusema juu yake.

Lusahunga ni habari nyingine. Malori ya Kigali na Bujumbura yanapumzika pale, na nadhani madereva ndio wanaowanoa wachomaji, maana mteja aliyekula nyama Morogoro na Singida hadanganyiki. Mbavu zinakaa juu ya makaa yaliyotulia, taratibu, mpaka mafuta yaanze kulia. Nilimuuliza mchomaji kwa nini ana mbuzi tu. Akasema, "Ng'ombe wapo bucha, ila hapa watu wanataka mbuzi."

Lakini kulikuwa na wakati ambapo ng'ombe walikuwa hadimu kweli upande huu. Sotoka ilipita Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikafyeka mifugo. Von Götzen alipovuka Rusumo mwaka 1894 kuingia Rwanda, balaa hilo lilikuwa bado bichi. Malisho yasiyo na ng'ombe hugeuka vichaka, vichaka huleta mbung'o, mbung'o huleta malale. Baadaye Waingereza waliwahamisha watu wa Biharamulo kutoka makazi yaliyotawanyika na kuwakusanya pamoja ili kupambana na malale, na pori likazidi kujitanua. Mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Msafiri anayetazama miti dirishani hudhani imekuwapo tangu dunia iumbwe. Sehemu ya miti hiyo ni mdogo kwa umri kuliko boma la Wajerumani pale Biharamulo mjini.

Baada ya Nyakahura baba alinyamaza. Mwaka 1994 alikuwa dereva wa lori, akipeleka mahindi na maharage ya msaada kutoka Isaka hadi Benaco. Jina hilo ni la kampuni ya Kitaliano ya ujenzi wa barabara iliyokuwa na kambi yake hapo. Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka ule, takriban Wanyarwanda 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24. Wengi walikuwa wakulima waliobeba magodoro na watoto. Kati yao walikuwamo pia walioongoza mauaji ya kimbari, wakaendelea kuwatawala watu wao ndani ya kambi.

"Nilikuwa nashusha magunia," baba alisema, "sijui anayepokea amekimbia au amekimbiza watu."

Hapa Benaco hajawahi kula. Kila alipopita alikula Lusahunga, kisha moja kwa moja hadi mpakani.

Jambo la pili alilolikumbuka ni miti. Kambi za Kagera zilipokuwa zimejaa, zilitumia zaidi ya tani 1,200 za kuni kwa siku. Wenyeji waliuza ndizi na kupata vibarua, na waliibiwa mbuzi pia. Ukiwauliza watu wa Ngara kama kambi ziliwafaidisha, jibu linategemea nani alikuwa na duka na nani alikuwa na shamba pembeni ya kambi. Desemba 1996 serikali iliwataka wakimbizi warudi kwao kabla ya mwaka kwisha, na wakarudishwa kwa daraja lile lile.

Mama hakuuliza mtu. Alishuka, akaagiza kilo ya mbuzi na ndizi za kuchoma. Mchomaji alikuwa kijana, hajafika miaka thelathini. Baba alimwuliza mkaa unatoka wapi.

"Mbali, mzee. Siku hizi mbali."

Baba alikula ndizi mbili. Nyama yake aliimaliza mdogo wangu, tukapanda vilima kwenda Ngara mjini, ambako mishikaki ya mbuzi ni minene kama ya Kigali, ina vitunguu katikati, na kwa ulimi wangu hakuna iliyoizidi safari nzima. Baba alikula mitatu.