Hukumu ya Mungu na kuhukumiana kwa waumini katika Ukristo

Hukumu ya Mungu ni fundisho la Kikristo kwamba kila mwanadamu, aliye hai na aliyekwisha kufa, atasimama mbele ya Kristo atoe hesabu ya maisha yake. Fundisho hilo limo katika kanuni za imani za kale, ikiwamo ile ya Konstantinopoli ya mwaka 381, na Wakatoliki, Waorthodoksi, Waprotestanti na Wapentekoste hulikiri kwa pamoja. Ugomvi unaanza katika swali linalolifuata: ikiwa hakimu ni Kristo, Mkristo ana ruhusa gani ya kumhukumu Mkristo mwenzake? Agano Jipya linakataza na linaagiza, mara nyingine ndani ya kitabu kimoja, na makanisa yametofautiana kwa karne nyingi juu ya mahali pa kuweka mpaka.

Siku ya mwisho

Wazo lenyewe Wakristo walilirithi kwa Wayahudi. Kitabu cha Danieli, sura ya 12, kinasema wafu wataamka, wengine wapate uzima wa milele na wengine aibu. Injili ya Mathayo, sura ya 25, inaipa siku hiyo sura inayojulikana kuliko zote: mchungaji anayetenga kondoo na mbuzi. Kinachopimwa hapo ni chakula kwa mwenye njaa, maji kwa mwenye kiu, nguo kwa aliye uchi, na miguu iliyokwenda gerezani kumtazama mfungwa. Wa kuume na wa kushoto wote wanashangaa kusikia uamuzi. Wahubiri wengi hulipita jambo hilo haraka, ilhali ndilo lenye uzito: hakuna aliyekuwa amejua kwa hakika yuko upande gani.

Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, anasema wote tutadhihirishwa mbele ya kiti cha hukumu cha Kristo. Wasomaji wake walikifahamu kiti cha namna hiyo kwa macho. Sokoni Korintho palikuwa na jukwaa la mawe, na ni mbele ya kiti cha hukumu mjini humo ambapo Paulo mwenyewe alishtakiwa kwa liwali Galio, kama Matendo ya Mitume sura ya 18 inavyosimulia. Mabaki ya jukwaa hilo yamefukuliwa na yanaonekana hadi leo.

Namna ya hukumu hiyo ndiyo inayotenganisha madhehebu. Kanisa Katoliki linafundisha hukumu mbili: ya mtu binafsi mara tu afapo, jambo lililofafanuliwa na Papa Benedikto XII mwaka 1336, na ya watu wote siku ya mwisho; kati yake iko toharani kwa waliokufa katika neema bila kutakasika kikamilifu. Waorthodoksi huwaombea marehemu lakini hawakubali toharani jinsi Roma inavyoieleza. Luther na Calvin waliikataa kabisa. Waadventista Wasabato wanafundisha hukumu ya upelelezi, ambayo kwao ilianza mbinguni tarehe 22 Oktoba 1844, na wanashikilia kwamba waovu wataangamizwa badala ya kuteswa bila kikomo. Mahubiri mengi ya kilokole yanatofautisha kiti cha Kristo, ambako waliookoka watapokea thawabu, na kile kiti kikubwa cheupe cha Ufunuo sura ya 20. Wapo pia waliotumaini kwamba mwishowe wote watarejeshwa kwa Mungu. Mafundisho ya namna hiyo yaliyohusishwa na Origene wa Aleksandria yalilaaniwa katikati ya karne ya 6, ingawa tumaini lenyewe halijawahi kufa.

Maandiko juu ya kuhukumiana

Agizo la Yesu la kutohukumu, katika Mathayo sura ya 7, hutajwa hata na watu wasiokanyaga kanisani. Wengi huishia mstari wa kwanza. Ukisoma hadi wa tano unakuta kibanzi katika jicho la ndugu hakiachwi humo: kinatolewa, baada ya mtoaji kuondoa kwanza boriti iliyo jichoni mwake. Sura ya 18 ya Injili hiyohiyo inaweka utaratibu. Aliyekosewa amwendee mkosaji faraghani; akishindikana, achukue mashahidi mmoja au wawili; akikaidi bado, kanisa liambiwe; na asipolisikiliza kanisa, atazamwe kama mtu wa nje. Ni utaratibu wa busara, na makosa mengi ya kanisani huanza pale watu wanapoanzia hatua ya tatu.

Paulo naye ana pande mbili. Katika Warumi sura ya 14, mlaji wa nyama na mla mboga, anayeiadhimisha siku fulani na asiyeiadhimisha, wote wanakatazwa kuhukumiana, kwa kuwa kila mmoja ni mtumishi wa Bwana na kwa Bwana wake atasimama au kuanguka. Lakini katika 1 Wakorintho sura ya 5 anakasirika kwamba kanisa limemvumilia mtu anayeishi na mke wa baba yake, anaagiza aondolewe, kisha anasema kanisa lihukumu walio ndani na kumwachia Mungu walio nje. Ni kinyume cha desturi ya leo, ambapo mimbari nyingi hukemea sana walimwengu na kunyamazia kiti cha mbele. Katika waraka wa pili kwa kanisa hilo anawaomba wamsamehe na kumfariji mtu waliyemwadhibu, asije akamezwa na huzuni. Wafafanuzi wengi wa kale walidhani ni mtu yuleyule. Wataalamu kadhaa wa sasa wanaona ni mwingine. Kwa vyovyote, adhabu ilikusudiwa ikome.

Ukiyaweka pamoja maandiko haya, unapata mgawanyo unaoeleweka: tendo laweza kupimwa na kanisa, hatima ya mtendaji haiwezi. Yakobo sura ya 4 inalisema hilo kwa ukali, kwamba mwenye kuokoa na kuangamiza ni mmoja tu. Kanisa Katoliki, ambalo limetangaza watakatifu wengi, halijawahi kutangaza rasmi kwa jina mtu yeyote kuwa yuko jehanamu, hata Yuda Iskariote.

Walioanguka na waliosimama

Mgawanyo huo ulijaribiwa mapema. Mwaka 250 hivi Kaisari Desio aliamuru raia wa dola la Roma watoe sadaka kwa miungu na kupewa cheti. Wakristo wengi walitii. Wengine walinunua cheti bila kutoa sadaka. Dhuruma ilipopoa walirudi wakiomba kupokelewa. Huko Roma padri Novasiano alisema kanisa halina mamlaka ya kuwarudisha. Sipriano, askofu wa Karthago, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amejificha wakati wa dhuruma, akaongoza mkutano mwaka 251 ulioamua kila kesi isikilizwe peke yake: mnunuzi wa cheti asipimwe sawa na aliyefukiza uvumba.

Nusu karne baadaye, dhuruma ya Diokletiano iliyoanza 303 ilizalisha mgogoro mkubwa zaidi. Safari hii wakosaji walikuwa viongozi waliokabidhi Maandiko Matakatifu kwa askari yachomwe. Sesiliano alipowekwa kuwa askofu wa Karthago, wapinzani wake walidai kwamba mmoja wa waliomwekea mikono, Felisi wa Aptunga, alikuwa msaliti wa namna hiyo, na hivyo uaskofu wote ulikuwa batili. Mkutano wa Arles wa 314 uliwakataa, na uchunguzi wa serikali ukamsafisha Felisi. Haukusaidia. Wapinzani hao, walioitwa Wadonati kwa jina la kiongozi wao Donato, walijenga kanisa lao sambamba, wakijiita safi, na kwa miaka zaidi ya mia moja miji mingi ya Afrika Kaskazini ilikuwa na maaskofu wawili.

Augustino wa Hippo aliwajibu kwa mfano wa ngano na magugu: shambani vyote vinakua pamoja hadi mavuno, na wavunaji ni malaika. Wadonati hawakukosa la kujibu. Walikumbusha kwamba Yesu mwenyewe alisema shamba ni ulimwengu, hakusema ni kanisa. Kwa usomaji wa andiko walikuwa na hoja. Kosa lao lilikuwa kuamini kwamba wao wanaweza kulitambua kila gugu. Katika mdahalo wa Karthago wa mwaka 411 walikusanyika maaskofu zaidi ya 500 wa pande zote mbili, na mjumbe wa kaisari akawapa ushindi Wakatoliki. Augustino, ambaye mwanzoni alipinga kutumia nguvu katika mambo ya imani, alifikia kuunga mkono sheria za dola za kuwalazimisha Wadonati warudi. Mtu aliyefundisha kusubiri mavuno hakuweza kusubiri.

Wamonaki wa jangwa la Skete nchini Misri walilijibu swali hilo bila mdahalo. Inasimuliwa kwamba ndugu mmoja alikosa na baraza likaitwa. Abba Musa Mweusi, aliyewahi kuwa mnyang'anyi kabla ya kuongoka, alikataa kwanza kwenda, kisha akafika amebeba chombo kinachovuja. Alipoulizwa akasema dhambi zake zinamwagika nyuma yake asizione, naye amekuja kuhukumu za mwenzake. Yule ndugu akasamehewa.

Mabaraza na adhabu

Ulaya iliyofuata ilijenga mahakama. Yoana wa Arc alihukumiwa na mahakama ya Kanisa akachomwa moto mwaka 1431. Mwaka 1456 hukumu hiyo ilibatilishwa, na mwaka 1920 akatangazwa mtakatifu. Katika Geneva, kanuni za mwaka 1541 zilianzisha baraza la wachungaji na wazee lililokutana kila Alhamisi kuwahoji watu juu ya ugomvi wa ndoa, kucheza dansi au kukosa mahubiri. Waanabaptisti wengi hawakutumia upanga. Adhabu yao ilikuwa kumtenga mkosaji na ushirika. Hata hivyo ukali wa kutenga ukawagawa wao kwa wao: mwaka 1693 Jakob Ammann alitaka aliyetengwa asishiriki hata meza ya chakula, na kutokana na mfarakano huo wakatokea Waamish.

Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983 zinaihesabu adhabu ya kutengwa kuwa dawa, yenye lengo la kumrudisha mtu. Anayekaribia kufa anaweza kuondolewa adhabu hiyo na padri yeyote.

Afrika Mashariki

Katika eneo hili suala limeonekana kwa sura mbili, uamsho na kutengwa.

Uamsho ulianzia Rwanda na Uganda karibu na mwaka 1930, kupitia watu kama Simeoni Nsibambi wa Kampala na daktari mmisionari Joe Church wa Gahini, ukaenea Kenya na Tanganyika. Walokole, yaani wafuasi wa uamsho huo, walisisitiza kutembea nuruni: kuungama hadharani dhambi zenye majina, kurudisha mali iliyoibwa, na kumwambia ndugu kosa lake uso kwa uso. Mwaka 1941 katika chuo cha theolojia cha Bishop Tucker, Mukono, wanafunzi waliamka alfajiri kusali na kuwahubiria wenzao na walimu, wakiwashutumu kwa dhambi na kwa kulegeza imani. Mkuu wa chuo akawakataza. Walipokaidi, 26 wakafukuzwa, William Nagenda akiwa mmoja wao. Kila upande uliuhukumu mwingine kwa jina la Injili. Hata hivyo walokole wengi walikaa ndani ya Kanisa la Anglikana, na Erica Sabiti, mmoja wao, akawa askofu mkuu wa kwanza Mwafrika wa Uganda mwaka 1966. Mlokole mwingine, Askofu Festo Kivengere, aliyekimbia nchi baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa Februari 1977, alichapisha mwaka huohuo kitabu kuhusu kumpenda na kumsamehe Idi Amin. Uamsho uliojulikana kwa kukemea ukazaa pia msamaha mgumu kuliko mwingi uliowahi kuandikwa.

Kutengwa ni jambo la kila siku zaidi. Katika sharika za Kilutheri na makanisa mengine, aliyeoa mke wa pili, anayeishi na mwenza bila ndoa ya kanisa, au binti aliyepata mimba nje ya ndoa huzuiwa Meza ya Bwana hadi atubu na kurudishwa kundini mbele ya washarika. Nia ni ileile ya Paulo. Lakini mimba huonekana na ubaba hauonekani, na kwa hiyo binti hutengwa huku mwanamume akiendelea kuimba kwaya. Wazee wa kanisa wanaolijua hili na kulinyamazia wanahukumu nusu ya kosa.

Ndoa za wake wengi zinaonyesha jinsi uamuzi wa kanisa unavyoweza kubadilika. Mkutano wa maaskofu Waanglikana wa Lambeth, mwaka 1888, ulikataza mume wa wake wengi asibatizwe. Mwaka 1988 mkutano huohuo uliruhusu abatizwe pamoja na wake na watoto wake, kwa ahadi kwamba hataongeza mke, na kwamba asilazimishwe kuwafukuza alio nao. Katika karne hiyo moja, wanawake waliachwa ili mume apate ubatizo, na hakuna kikao kilichowauliza wamekosa nini.

Mazishi ndiyo mahali pagumu kuliko pote. Kanisa linapokataa kumzika mtu, huenda viongozi wanakusudia nidhamu tu, lakini waombolezaji wanasikia tangazo juu ya roho ya marehemu. Aliyekufa hawezi tena kutubu wala kurudi kundini, kwa hiyo adhabu imepoteza lengo lake. Sheria za Kanisa Katoliki za 1917 ziliwanyima mazishi ya kanisa waliojiua kwa kudhamiria. Zile za 1983 ziliondoa kifungu hicho.

Hukumu zilizofutwa

Laana ambazo Roma na Konstantinopoli zilitupiana mwaka 1054 zilifutwa tarehe 7 Desemba 1965 na Papa Paulo VI na Patriarki Athenagoras I, baada ya miaka 911. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko kwamba laana za karne ya 16 kuhusu kuhesabiwa haki haziwahusu wale wanaokubali mafundisho yaliyomo humo. Mwelekeo haukuwa huo kila mahali: Aprili 2023 Waanglikana wahafidhina waliokutana Kigali walitangaza kwamba hawawezi tena kumtambua Askofu Mkuu wa Canterbury kuwa kiungo cha umoja wao, kwa sababu ya uamuzi wa Kanisa la Uingereza wa kuwabariki wapenzi wa jinsia moja. Tamko la Kigali lilitaja sharti la maridhiano: Canterbury itubu.