Hofu ya Panya

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja wilayani Bagamoyo. Mwalimu mmoja, hodari wa hesabu, alikuwa mnywaji mkubwa wa gongo. Nikamwita ofisini: "Ndugu Mwalimu, chagua chupa au chaki." Akachagua chaki, akaacha siku ile ile.

Siku ya pili alitetemeka, jasho likamtoka, akajifungia ndani. Hakuthubutu hata kuvuka uwanja wa gwaride. Majirani walisema ana pepo. Mimi nikasema ni woga tu. Siku ya tatu akarudia gongo, nami nikaandika barua ya kumshitaki.

Baada ya kustaafu nilisoma habari za panya, nikajuta.

Zamani matabibu walibishana: je, mtetemeko huo huletwa na pombe au na lishe duni? Mwaka 1955 Harris Isbell na wenzake, huko Lexington, Marekani, walitoa jibu. Waliwapa pombe wanaume 10 waliolishwa vizuri. Miongoni mwa waliokunywa kwa wiki nyingi, wako walioshikwa na degedege na kuweweseka pombe ilipokatizwa.

Mwaka 1960 ikaanza kuuzwa dawa ya kutuliza hofu, Librium, kazi ya Leo Sternbach. Mwaka 1963 ikafuata ndugu yake, Valium. Mwaka 1985 Sharon Pellow na wenzake wakathibitisha kipimo cha hofu ya panya: ubao wa umbo la msalaba, ulioinuliwa nusu mita, wenye njia mbili za kuta na mbili zilizo wazi. Panya mwenye hofu hung'ang'ania kuta; akipewa dawa hiyo, hutoka mara nyingi zaidi.

Watafiti wakawazoesha panya pombe, kisha wakawanyima. Panya hao wakajibanza kwenye kuta.

Msomaji, panya hana mkwe wa kumwonea haya, wala hajasimuliwa habari za pepo. Hofu yake hutoka ubongoni. Ubongo uliozoea kutulizwa na pombe hujikaza kushindana nayo. Pombe ikiondoka ghafla, mkazo hubaki peke yake. Dawa hulegeza mkazo huo, ingawa nayo huzoesha, ndiyo maana daktari huitoa kwa siku chache tu.

Mwenzangu yule hakuwa mwoga. Alikuwa mgonjwa ambaye angeweza hata kufa chumbani mle. Laiti ningejua, nisingeandika barua. Ningemwambia: "Ndugu Mwalimu, usiache peke yako. Vaa viatu, twende hospitali."