Breki za ghafla na abiria anayerushwa mbele: kanuni tatu za Newton kwa anayeanza fizikia

Daladala iko mwendoni, mtoto anakatiza barabara, dereva anakanyaga breki. Abiria waliosimama wanarushwa mbele, mwingine anaangukia mapajani kwa mtu. Ukiwauliza nini kimewasukuma, watasema ni breki. Kumbe hakuna kilichowasukuma mbele.

Breki zimepunguza mwendo wa gari. Miguu iliyokanyaga sakafu imepunguza mwendo pamoja na gari, lakini kifua na kichwa vimeendelea na kasi ileile vilivyokuwa nayo mwanzo. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya mwendo ya Isaac Newton, mwanasayansi wa Uingereza aliyechapisha kanuni zake tatu mwaka 1687 katika kitabu cha Kilatini.

Kwa lugha ya darasani: kitu kilichotulia huendelea kutulia, na kilicho mwendoni huendelea na mwendo wake kwa kasi ileile kwenye mstari ulionyooka, mpaka kani kutoka nje ikibadilishe. Kani ni msukumo au mvuto wowote. Tabia ya kitu "kukataa" kubadilishiwa mwendo huitwa inesha.

Mbona mkokoteni husimama wenyewe?

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama, na wana haki. Mkokoteni usiposukumwa unasimama. Mpira ukipigwa unabingirika, mwisho unatulia. Aristotle wa Ugiriki ya kale naye aliona hivyo, na kwa karne nyingi watu waliamini kwamba kitu kinahitaji kusukumwa muda wote ili kiendelee kwenda.

Kilichofichika ni msuguano. Ardhi na hewa huuvuta mkokoteni kinyume na unakoelekea. Anayesukuma kwa mwendo usiobadilika anafanya kazi moja tu, kuufuta msuguano huo. Mahali pasipo na msuguano mambo ni tofauti kabisa: chombo cha Voyager 1 kilirushwa angani na Marekani mwaka 1977, na mpaka leo kinaendelea kutokomea mbali na Jua bila injini inayokisukuma.

Kanuni ya pili: hapa ndipo penye hesabu

Kani ni sawa na tungamo mara mchapuko. Tungamo ni kiasi cha maada kilichomo kwenye kitu, hupimwa kwa kilo. Mchapuko ni jinsi kasi inavyobadilika kila sekunde, iwe inapanda au inashuka. Kani hupimwa kwa newton.

Chukua abiria wa kilo 60 kwenye gari linalokwenda kilomita 54 kwa saa, yaani mita 15 kwa sekunde. Dereva akisimamisha gari taratibu kwa sekunde 5, kasi inapungua mita 3 kwa sekunde katika kila sekunde. Kani inayomsimamisha abiria ni 60 × 3, sawa na newton 180. Hata hashtuki.

Sasa gari hilohilo ligonge ukuta, na abiria asimame ndani ya sekunde 0.1. Kasi inapungua kwa kiwango cha mita 150 kwa sekunde katika kila sekunde. Kani ni 60 × 150, yaani newton 9,000. Huo ni karibu uzito wa magunia tisa ya kilo 100. Mtu ni yuleyule na kasi ni ileile. Kilichobadilika ni muda wa kusimama tu.

Hiyo ndiyo kazi ya mkanda. Humfanya abiria asimame pamoja na gari, hunyooka kidogo ili kumwongezea muda, na huisambaza kani kifuani na kiunoni. Asiyefunga mkanda anaendelea na mita zake 15 kwa sekunde mpaka akutane na dashibodi au kioo, na hapo husimama kwa muda mfupi zaidi, hivyo kani inakuwa kubwa zaidi. Kofia ngumu ya bodaboda hufuata hesabu hiyohiyo: povu gumu lililo ndani hubonyea na kukipa kichwa muda zaidi wa kusimama.

Jambo lingine linalowashangaza wengi: kasi ikiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka mara nne. Kwa breki zinazopunguza mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde, gari la kilomita 36 kwa saa huhitaji mita 10. La kilomita 72 huhitaji mita 40. Na hapo haijahesabiwa njia inayopita kabla mguu wa dereva haujafika kwenye breki.

Tungamo na uzito visichanganywe. Uzito ni kani ya mvutano wa Dunia. Mtu wa kilo 60 ana uzito wa karibu newton 600 hapa duniani; akienda Mwezini uzito hushuka hadi karibu newton 100, lakini kilo zake 60 zinabaki palepale.

Kanuni ya tatu, na swali linalowaangusha wengi

Kitu kimoja kikikisukuma kingine, hicho cha pili nacho hukisukuma cha kwanza kwa kani iliyo sawa, upande wa kinyume. Mvuvi akiruka kutoka kwenye mtumbwi kwenda ufukweni, mtumbwi unarudi nyuma.

Swali la kawaida ni hili: kama kani ziko sawa, kwa nini hazifutani? Kwa sababu zinafanya kazi kwenye vitu viwili tofauti. Moja iko kwa mvuvi, nyingine kwenye mtumbwi. Zinazoweza kufutana ni kani zilizo kwenye kitu kimoja, mfano kitabu juu ya meza: Dunia inakivuta chini, meza inakisukuma juu, nacho kinatulia. Wengi huitaja jozi hii kama mfano wa kanuni ya tatu. Siyo. Mwenza wa mvuto wa Dunia kwa kitabu ni mvuto wa kitabu kwa Dunia.

Gari lililonasa kwenye matope ni somo zuri. Ili liende mbele, tairi lazima liisukume ardhi nyuma, nayo ardhi ilisukume tairi mbele. Matope yanateleza, tairi linashindwa kuyasukuma kwa nguvu, nayo hayarudishi msukumo wa kutosha. Ndiyo maana utingo hushuka, akaokota mawe na matawi, akayapanga chini ya tairi.